Kodi Imeingia, Lakini ya Nani na ya Nini? Mwongozo kwa Wenye Nyumba wa Shinyanga, Kahama na Geita

"Habari, mimi mwenye nyumba wako. Ile kodi itume kwenye namba hii, ile ya zamani ina shida. Jina litakuja..." halafu linafuata jina la mtu usiyemjua. Ujumbe huu umezunguka Tanzania nzima hadi watu wameufanya utani. Hata kijana anayeishi kwa mama yake, asiyejua kodi ni nini, anaupata. Wanaoutuma hawajui nani amepanga wapi. Wanarusha jiwe gizani, wakijua kwamba mwisho wa mwezi hakukosekani mtu aliyekuwa ameshika simu tayari kutuma kodi.

Wengi huuona ujumbe huo kuwa balaa la mpangaji. Wewe mwenye nyumba uuone kuwa balaa lako. Mpangaji wako wa Ngokolo aliyemtumia tapeli shilingi 240,000 za miezi mitatu anaamini amelipa. Ana ujumbe wa muamala, ana tarehe na saa, na hana hela nyingine. Kisheria deni lake kwako halijafutika, kwa sababu amemlipa mtu ambaye si wewe na wala hukumtuma. Lakini unamdai mtu mwenye mfuko mtupu. Mtafika kwa mwenyekiti wa mtaa, na swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: namba uliyompa ni ipi, na umeibadilisha mara ngapi?

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Januari umempa namba yako ya Voda. Machi ukamwambia atume Airtel kwa sababu simu ya Voda imeanguka majini. Juni ukampigia ukiwa Mwanza: "Mtumie huyu kijana wa bodaboda, ananidai." Mpangaji aliyezoeshwa kutii kila namba anayoambiwa, siku tapeli anapomtumia namba ya nne atatii pia. Na mbele ya wazee wa mtaa atakuwa na hoja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kalamu na karatasi. Mkataba wako, hata kama ni wa kurasa mbili zilizochapwa pale stendi, uwe na maneno kama haya: "Kodi italipwa kwenye namba hii, yenye jina hili. Namba haitabadilishwa kwa ujumbe wala kwa kupiga simu. Ikibadilika, mabadiliko yataandikwa na kusainiwa na pande zote mbili. Malipo yatakayopelekwa kwingine hayatahesabiwa kuwa kodi." Wapangaji wa zamani ambao mkataba wao hauna kipengele hiki, waandikie karatasi ya nyongeza wasaini. Kisha ukiheshimu wewe mwenyewe. Siku utakapopiga simu na kusema "safari hii tu mtumie fulani", umekifuta kwa mdomo wako.

Jina linalotokea

Mpangaji akiweka namba na kiasi, jina la mpokeaji hutokea kabla hajathibitisha muamala. Hiyo ndiyo kinga bora kuliko zote, na ni ya bure. Mwambie kila mpangaji: usipoona jina langu, usiendelee.

Ila kinga hiyo inafanya kazi pale tu jina linalotokea ni lako. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofika ukomo tarehe 20 Januari 2020, watu wengi wa vijijini na migodini hawakuwa na namba ya NIDA. Njia ya mkato ikawa kusajiliwa na ndugu aliyekuwa nayo. Miaka imepita, na bado kuna wazee wa Old Shinyanga na wa Ushirombo wanaopokea kodi kwenye laini yenye jina la mjukuu, la shemeji, au la mtu ambaye hawasalimiani naye tena. Mpangaji akiona jina geni, atafanya nini? Ama atasita kama ulivyomfundisha, ama atazoea majina mageni, na hilo la pili ni baya zaidi. Tena mwenye jina anaweza kwenda dukani kwa kampuni ya simu akasema laini imepotea, akatoa alama za vidole zake, akapewa laini mpya yenye namba ileile na salio lake lote. Kwenye kumbukumbu za kampuni hajaiba, amechukua chake.

Bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama namba unayopokelea kodi haimo, nenda dukani ubadilishe usajili, ukiongozana na aliyekusajilia. Kama amekataa au hapatikani, nunua laini nyingine kwa jina lako na uwaandikie wapangaji mabadiliko. Ni usumbufu wa siku moja.

Ukiweza, tenga laini ya nyumba tu. Isiwe ile unayonunulia vocha, unayopokelea michango ya harusi na unayokopea. Hili la kukopa watu hulidharau. Ukiwa umechukua mkopo wa haraka wa simu kama Songesha na hujaurudisha, hela ikiingia inakatwa kwanza. Mpangaji ametuma 80,000, wewe unaona pungufu, unampigia kwa ukali, naye anakuonyesha kwamba ametuma yote. Laini ya peke yake pia hukupa taarifa ya miamala iliyo safi: kila kinachoingia ni kodi, na ukitaka kuichapisha hutaona aibu kuonyesha mambo yako mengine.

Mwenye vyumba vingi au fremu za biashara, kwa mfano kwenye barabara kuu za Kahama, afikirie lipa namba au akaunti ya benki. NMB na CRDB wana matawi na mawakala ukanda mzima huu, na mpangaji anaweza kutuma benki kutoka kwenye simu yake. Uliza makato kabla, maana yanatofautiana, na angalia jina la biashara litakalotokea lisiwe la ajabu kiasi cha kumtisha mlipaji.

Hela usiyoweza kuikataa

Zama za hela mkononi mwenye nyumba alikuwa na uwezo mmoja ambao hakuujua thamani yake: aliweza kutopokea. Mpangaji amekuja na nusu ya kodi, unamwambia rudi nayo, ulete yote. Umempa notisi ya kuhama, naye analeta kodi ya mwezi mwingine, unakunja mikono. Simu imeuondoa uwezo huo. Hela inaingia saa sita usiku ukiwa umelala, na asubuhi wewe ni mtu aliyepokea.

Chukua mfano wa kawaida. Mkataba wa mpangaji wako wa Nyasubi umeisha Juni, na ulishamwandikia kwamba nyumba unaitaka kwa ajili ya mwanao. Tarehe mosi Julai anatuma kodi. Unanyamaza, unaitumia. Tarehe mosi Agosti anatuma tena. Siku mtakapofika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya atasema mlikubaliana aendelee kwa mwezi mwezi, na ushahidi wake ni hela uliyoichukua. Anaweza kusikilizwa. Anayepokea kodi baada ya mkataba kwisha huonekana ameridhia, asipoonyesha kwamba hakuridhia.

Basi onyesha, siku hiyohiyo, kabla hujaigusa hela. Andika: "Nimeona shilingi 100,000 uliyotuma leo. Siipokei kama kodi ya mkataba mpya. Notisi yangu iko palepale." Kisha chagua moja. Ama irudishe kwenye namba ileile iliyoituma, ama, kama anadaiwa, iandike kwenye deni: "Naihesabu kwenye deni la Aprili." Ujumbe huo wa maneno machache una nguvu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi. Ujumbe wake utasomwa, na wako pia.

Kasoro ya pili ya hela ya simu ni kwamba muamala unasema nani ametuma, kiasi gani na saa ngapi, lakini hausemi ni ya nini. Mpangaji ana chumba uani na fremu mbele, anadaiwa umeme wa Agosti, na kodi ya Septemba imefika. Anatuma 150,000. Novemba mnakaa kuhesabu: wewe unasema ile ilikuwa ya deni, yeye anasema ilikuwa ya fremu. Wote wawili mnaamini mnachosema. Dawa ni kujibu kila muamala kwa mgawanyo wake: "Nimepokea 150,000. Kodi ya Septemba, chumba namba 4: 100,000. Deni la Agosti: 50,000. Deni lililobaki: 30,000." Akinyamaza, amekubali kwa kiasi fulani, akibisha, mnabishana jambo likiwa bado bichi. Na kwenye daftari andika namba ya kumbukumbu ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu. Daftari la shilingi chache, lililojazwa kila mwezi kwa mwandiko uleule, huaminika mno mbele ya wasuluhishi.

Sasa tuje kwa wezi wenyewe, ambao hawaji wote kwa njia moja.

Mwenye haraka zaidi hukutumia ujumbe bandia. Anakuja na dalali kuona chumba, anakipenda, anasema anatuma hapohapo. Simu inalia: "Umepokea TZS 300,000." Maneno yamepangwa sawasawa, ila yametoka kwenye namba ya mtu wa kawaida badala ya jina la huduma, na pengine salio lililoandikwa halilingani na lako. Ufunguo usitoke kwa kusoma ujumbe. Utoke kwa kuangalia salio: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Tigo Pesa ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Mgeni muungwana hatakasirika kusubiri dakika mbili. Akikasirika, umeshajifunza jambo kuhusu mpangaji huyo.

Mwingine hutuma zaidi. Mlikubaliana 300,000, zinaingia 600,000, kisha anapiga simu akihema: amekosea, tafadhali ile nyingine mrudishie mke wake kwenye namba hii. Ukituma kwenye namba hiyo ya pili, umefungua mlango wa kudaiwa mara mbili, maana mwenye hela ya kwanza bado anaweza kulalamika kwa kampuni kwamba amekosea muamala. Jibu ni moja: kinachorudi kinarudi kwenye namba kilikotoka, na ikiwezekana kupitia huduma kwa wateja, namba 100. Hata akilia.

Mwingine hutumia haki ya kurudishiwa muamala. Amelipa kweli, umempa ufunguo, ameingiza godoro. Jioni anaiambia kampuni kwamba alikosea namba. Hela yako inaweza kuzuiwa wakati wanafuatilia. Kinachokuokoa ni maandishi yake mwenyewe, kwa hiyo mzoeshe mpangaji mpya kuandika kabla ya kutuma: "Mama, natuma kodi ya miezi mitatu, chumba cha pili, kuanzia leo." Ukiulizwa na kampuni, una mkataba na una ujumbe huo. Bila hivyo ni neno lako na neno lake.

Wa mwisho ndiye anayeniudhi zaidi, kwa kuwa humtumbukiza mwenye nyumba kwenye kosa asilolijua. Tapeli amemdanganya mtu wa Songea kwamba kuna mzigo wa kununua Geita. Anamwambia tuma hela kwenye namba hii, na namba hiyo ni yako. Kwako amesema kaka yake atamlipia kodi moja kwa moja. Hela inaingia, jina la mtumaji hulijui, unampa chumba. Wiki inayofuata aliyeibiwa ameripoti, na kwenye kumbukumbu aliyepokea hela ya wizi ni wewe. Laini inafungwa, na unaitwa kituoni kueleza. Ndiyo maana kodi ya kwanza itoke kwenye namba yenye jina la anayepanga. Kama ni lazima mtu mwingine alipe, mpigie mtu huyo kabla, umwulize anajua analipia nini, na jina lake liingie kwenye mkataba.

Duara likitema

Katoro, Nyarugusu, Rwamgasa, Kakola: huku kodi inafuata dhahabu. Duara, yaani shimo la dhahabu, likitema, kijana aliyekuwa anaomba apunguziwe analipa miezi sita kwa muamala mmoja na kukuachia chenji. Ikisikika kuna rashi ya dhahabu mahali pengine, anaondoka alfajiri na laini inazimwa. Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya mfanyakazi wa ofisi wa Dar es Salaam haukusaidii kitu hapa.

Kwanza, jua unayempangisha ni nani. Mara nyingi bosi wa duara ndiye anayetuma hela ya vyumba vitatu vya vijana wake. Ukipokea tu bila kuandika, mambo mawili yanaweza kutokea wakigombana. Bosi atakuja kusema vyumba ni vyake, watoke. Au atasema ile ilikuwa mkopo kwako, umrudishie iliyobaki. Amua mapema: ama mkataba ni wa bosi, naye anawajibika kwa vijana wote, ama kila kijana ana mkataba wake na bosi ameandikwa kuwa mlipaji tu. Yote mawili yanafaa. Kisichofaa ni kutoamua.

Pili, chukua namba ya ndugu wa mpangaji ambaye hayuko mgodini. Laini ya mchimbaji huzima hata kwa sababu nzuri. Mashimoni hakuna mtandao. Usimhesabu kuwa ametoroka kwa siku tatu za simu kutopatikana.

Tatu, na hapa wengi hujichongea: mpangaji aliyelipa miezi sita akaondoka baada ya miwili bado ana miezi minne. Usimwingize mtu mwingine kwa kuwa chumba kimekaa kimya. Siku akirudi, muamala wake uko kwenye kumbukumbu ya kampuni hata kama simu yake iliibiwa. Na aliyeondoka akiwa anadaiwa, usivunje kufuli peke yako. Mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wawepo, vitu viorodheshwe na kusainiwa. Begi la nguo kuukuu lililofunguliwa bila shahidi linaweza kugeuka kuwa begi lililokuwa na dhahabu.

Picha ya kitambulisho chake ni ya mkataba. Kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp ya Katoro yenye maneno "huyu ni mwizi wa kodi" kunaweza kukuletea kesi wewe uliyekuwa unadai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hasira haimo kwenye visingizio.

Jambo jingine la ukanda huu ni kiasi. Huduma za simu zina ukomo wa hela ya kutuma kwa siku na ya kukaa kwenye salio, kwa hiyo kodi kubwa hufika vipande vipande, pengine kutoka laini tatu za mtu mmoja. Ziandike zote na namba zake. Na usiende kutoa milioni mbili kwa wakala siku ya gulio huku foleni ikitazama mkono wako. Hamishia benki, toa kidogo kidogo.

Makato, LUKU na TRA

Haya nayataja kwa kifupi, lakini ndiyo yanayoleta ugomvi mdogo wa kila mwezi. Mkataba useme kama kodi inatumwa "na ya kutolea" au la. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 watu wengi walirudi kwenye hela mkononi. Ilipunguzwa baadaye, ila kutoa hela kwa wakala bado kuna gharama, na isipoandikwa ni ya nani, kila mmoja atadhani ni ya mwenzake.

Kodi ya jengo nayo inakatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021. Tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Aliyenunua umeme ni mpangaji, mwenye jengo ni wewe. Akikutumia kodi pungufu ya 1,500 usimwite mjeuri. Mpe hesabu mapema, au ikubaliwe kwenye mkataba jinsi itakavyofidiwa, hasa pale wapangaji wanne wanapochangia mita moja.

Ukiipangisha kampuni, iwe mkandarasi wa mgodi wa Geita au wa Bulyanhulu anayewatafutia wafanyakazi wake nyumba, itakata 10% ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Mlipatana 500,000, zitaingia 450,000. Hizo 50,000 si deni la mpangaji. Dai cheti cha zuio, kwa sababu ndicho kinachoonyesha umelipa. Na usijidanganye kwamba kodi ya simu haionekani. Hela mkononi ilipita bila kuacha alama. Ya simu ina tarehe, saa na jina. Mwenye nyumba anayetaja mapato ya mwaka huku laini yake ikisema mengine amejiandikia kesi mwenyewe.

Simu ya mzee, hela ya ukoo

Nyumba nyingi za Shinyanga mjini, Kambarage, Ndembezi, ni za wazee au za marehemu. Mzee hajui kubonyeza. Simu anashika mjukuu, namba ya siri anaijua mjukuu, wakala wa jirani na muuza duka. Hakuna tapeli wa mbali anayehitajika hapo. Kama mama yako ndiye mwenye nyumba, mfundishe kitu kimoja tu: namba ya siri anaingiza yeye kwa kidole chake, hata ikichukua dakika kumi na foleni ikanung'unika. Na mtu yeyote anayejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja akataka namba ya siri au tarakimu zilizotumwa kwa ujumbe, akate simu. Laini ikipoteza mtandao ghafla wakati za majirani zinafanya kazi, siku hiyohiyo aende dukani kwa kampuni; huenda kuna mtu ameirudisha laini hiyo kwenye simu nyingine.

Msimamizi wa nyumba ni jambo la namna hiyohiyo. Wewe uko Dar es Salaam, binamu anakusanya Kahama kwenye namba yake kisha anakutumia. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na bado ukawa umemwekea mzigo asioustahili: hela zako zimechanganyika na za mahindi yake. Acha wapangaji watume kwako moja kwa moja. Binamu akague nyumba, na malipo yake umtumie wewe.

Mwenye nyumba akifariki, kodi haijui. Inaendelea kuingia kwenye laini yake, na mtoto anayejua namba ya siri anaendelea kuitoa, mwanzoni kwa ajili ya matanga, baadaye kimyakimya. Miezi sita inapita, na ndugu wakikaa kikao wanakuta taarifa ya miamala imejaa kila tarehe. Kinachotakiwa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ni yeye anayeweza kuiendea kampuni ya simu kuhusu salio la marehemu, na ni yeye wa kuwaandikia wapangaji namba mpya. Kwa nyumba ya ndugu wengi, akaunti ya benki yenye watia saini wawili huzuia maneno mengi. Nayo laini ya marehemu isiachwe ife yenyewe. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba yaweza kupewa mtu mwingine kabisa, huku mpangaji mmoja asiyepata taarifa akiendelea kutuma kodi kwenye namba hiyo.

Likishaharibika

Mpangaji akikuambia ametuma kwa tapeli, saa ya kwanza ni ya thamani kuliko siku nzima inayofuata. Apige 100 kwenye mtandao wake hapohapo aombe muamala uzuiwe. Kama hela haijatolewa, kuna matumaini. Ujumbe wa tapeli autume kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli, pamoja na namba iliyoutuma. Ripoti za TCRA zimekuwa zikitaja Rukwa na Morogoro kuwa vinara wa majaribio ya utapeli wa simu, kwa hiyo usitegemee kumkuta mtu huyo pale stendi ya Kahama ukamkunja. Nenda polisi upate RB, maana kampuni ya simu itaihitaji kabla ya kutoa taarifa zaidi.

Kampuni ikikuzungusha, andika malalamiko kwa maandishi na utunze nakala yenye muhuri. Usiporidhika, mkondo unaofuata ni Benki Kuu ya Tanzania, inayosimamia huduma hizi chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Tawi lake la karibu ni la Mwanza.

Ugomvi ukiwa kati yako na mpangaji, anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha baraza la kata. Baraza hilo tangu 2021 kazi yake ni kupatanisha, haliamui tena. Mkishindwana huko ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usizime umeme wala kung'oa mlango kabla ya hapo, hata kama anadaiwa miezi mitano. Beba mkataba, daftari na taarifa ya miamala iliyochapwa na kugongwa muhuri na kampuni. Picha ya kioo cha simu peke yake hupingwa kirahisi, kwa hiyo simu yenye zile jumbe usiiuze, usiifute wala kumpa mtoto hadi shauri liishe.